Traki ya Kasarani ni ya nani, na mbona hatuna Kyalami yetu?

Swali limetoka kwa kijana wa boda anayeishi Mwiki, nalifupisha ili wote tujue tunaongea nini. Anasema 2021 Safari Rally iliporudi yeye na wenzake walijipanga kando ya ua kule Kasarani wakachungulia yale magari mpaka wakapata vumbi kwenye meno. Tangu siku hiyo kila akipita na mteja anatupa jicho pale, na miezi inaenda inarudi hakuna injini inayosikika, ni nyasi. Anauliza: "Mzee, hiyo traki ni ya nani? Nairobi iliwahi kuwa na traki ya lami ikauzwa ama? Na mbona Afrika Kusini wako na Kyalami na sisi wenye Safari hatuna?"

Kijana, umeniuliza maswali matatu lakini ni moja tu limevaa nguo tatu, utaona. Na mimi si mtu wa kukaa ofisini, nimekuwa fundi na nimekuwa mkaguzi wa magari kabla ya mbio, yule mtu wa kuinama chini ya gari na tochi akitafuta kama mkanda umefungwa sawa na kama betri itaruka gari ikipinduka, kwa hivyo nitakujibu kutoka huko chini.

Kasarani kwanza. Ile kitu haikujengwa iwe traki, ilijengwa iwe steji. Si steji ya matatu, steji ya rali ni kipande cha barabara ambapo gari inapigiwa saa mwanzo na inapigiwa saa mwisho, halafu dereva anaenda zake mahali pengine. Ya Kasarani ilikuwa kilomita 4.84, magari mawili mawili kwa wakati mmoja, kazi yake kubwa ni kuwapa watu wa mjini na kamera za runinga kitu cha kuona kabla safari yenyewe haijaanza. Ndio ilikuwa hivyo Juni 2021: wakapiga raundi zao pale, wakaondoka, kesho yake wako Naivasha wanalia na fesh-fesh, lile vumbi laini kama unga wa ngano ambalo gari likiingia linazama na injini inakosa pumzi. Thierry Neuville aliongoza mpaka Jumapili asubuhi shoki ya nyuma ikamkataa, Sébastien Ogier akachukua, Takamoto Katsuta wa pili. Hakuna mtu alishinda wala kushindwa Safari pale Kasarani. Ni kama salamu.

Sasa ni ya nani? Uwanja wa Kasarani uko chini ya Sports Kenya, yaani serikali, na ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Pale mwenye nyumba ni mpira na riadha. Mwaka 2025 kulikuwa na CHAN, 2027 kuna AFCON tunayoandaa na Uganda na Tanzania, kwa hivyo ukiwa ni wewe unapanga hesabu ya uwanja huo, hela ya kwanza ikipatikana utaweka kwenye nyasi za mpira na vyoo vya mashabiki, hutaleta greda ikalainishe kona za rali. Sisi wa magari ni wageni pale. Mgeni akishakula anangoja aitwe tena.

Swali la pili ndilo linanifurahisha zaidi, manake watu wengi hawajui Safari yenyewe ilizaliwa kwa sababu mtu alikataa traki! Miaka ya mwanzo ya 50 walowezi walikuwa wanazungusha magari yao Langa Langa, kule Bonde la Ufa njia ya Nakuru. Bwana mmoja Eric Cecil, aliyekuwa kwenye kamati ya mashindano ya chama cha magari cha wakati huo, akajaribu kumshawishi binamu yake Neil Vincent aje washindane huko. Binamu akamjibu kwamba hawezi kufikiria kitu cha kuchosha kama kuzunguka pale pale kama ng'ombe wa kinu, lakini siku watakapopanga mashindano ambayo mtu anafunga mlango wa gari, anakata nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika ndiye mshindi, hapo atakuja. Cecil akalichukua hilo neno akaenda nalo. Mei 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, magari yakaondoka Nairobi yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo Safari hiyo.

Na ukitafakari hapo utaona kilichotokea. Kuanzia siku ile traki yetu ikawa barabara. Barabara si ya mtu, hainunuliwi, haina hati ya shamba, haikodishwi, serikali inaichimba na mvua inaiharibu na wewe unapita tu. Nani angetoa pesa kununua ekari mia aweke lami ya kuzunguka wakati dunia nzima inakuja kuona barabara za bure? Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Joginder Singh alishinda 1965 na Volvo PV544 ya mtumba, gari ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa ya timu ya kiwanda kwenye Safari hiyo hiyo, akaipika tena yeye na kakake Jaswant, akarudi kushinda 1974 na 1976 na Mitsubishi. Shekhar Mehta akashinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Hawa ndio mashujaa wetu na hakuna hata mmoja anayekumbukwa kwa traki. Baba yangu alikuwa anatupeleka kando ya barabara na thermos ya chai na blanketi tunangoja usiku, tunasikia injini kabla hatujaona taa, halafu inapita sekunde tatu imeenda, na tunashukuru.

Lakini barabara nayo ilikuja kutuponyoka. Safari ya zamani ilikuwa inakimbiwa kwenye barabara ambazo hazijafungwa, gari la mbio linakutana na matatu, na punda, na watoto wa shule, timu kubwa zikawa zinatanguliza helikopta juu ziwaonye madereva ng'ombe wako wapi. Miaka ya 60 ungeweza. Kufikia 2002, Colin McRae aliposhinda na Ford Focus, nchi ilikuwa imejaa watu na ubingwa wa dunia ulikuwa umeenda kwenye steji fupi zilizofungwa, na pesa za kuandaa zilikuwa shida, tukatolewa. Miaka 19 nje. Na tuliporudi 2021 tulirudi kwenye nini? Kwenye mashamba na hifadhi: Soysambu, Kedong, Oserian, Loldia, Hell's Gate. Angalia hilo vizuri. Hata Safari yenyewe iliyokimbia traki imerudi kwa mwenye ardhi kuomba ruhusa.

Hapo ndipo Kyalami inaingia, na hapa naomba unisikilize manake watu wanaiona Kyalami kama kitu kilichodondoka kutoka mbinguni. Jina lenyewe kwanza, ni Kizulu, ikhaya lami, nyumbani kwangu, ukiwa Mmijikenda hapo kwa kaya huhitaji mkalimani. Ilifunguliwa 1961 kati ya Johannesburg na Pretoria, wakati huo ni porini. Formula One ikafika 1967, na mbio za kwanza kabisa nusura zichukuliwe na mwenyeji wa huku kwetu, John Love kutoka Rhodesia, leo Zimbabwe, alikuwa anaongoza na kigari kizee cha Cooper kikabaki raundi chache, akalazimika kusimama kuongeza mafuta, akawa wa pili. Mwaka uliofuata, siku ya kwanza ya Januari, Jim Clark alishinda pale ushindi wake wa 25 na wa mwisho. 1975 Jody Scheckter, mtoto wa nyumbani, akashinda mbele ya watu wake.

Wacha nitoke kidogo kwa njia manake mimi ni mtu wa injini. Kyalami iko juu, mita 1,500 na zaidi, sisi Nairobi tuko karibu 1,800. Hewa ni nyepesi. Gari isiyo na turbo ukiitoa Mombasa ukailete hapa imepoteza karibu moja ya sita ya nguvu na hakuna fundi amekuibia kitu, ni hewa tu. Ndio maana Renault walipoleta turbo kwenye Formula One mahali pao pa kung'aa palikuwa Kyalami: 1979 Jean-Pierre Jabouille akaanza wa kwanza kabisa, ilikuwa mara ya kwanza gari la turbo kufanya hivyo, na 1982 Alain Prost akapata pancha, akapitwa raundi nzima, akabadilisha tairi, akarudi akawapita wote akashinda. Turbo inajitafutia hewa yake yenyewe. Siku mtu atajenga traki Nairobi, hilo litakuwa swali la kwanza kila Jumapili asubuhi kwenye gereji, na wale wa kabureta watakuwa wanalia na jeti zao.

Haya turudi. Si kwamba Kyalami ilistarehe. 1977 kijana wa miaka 19, mashali, yaani msimamizi wa usalama kando ya traki, alikimbia kukatiza traki akiwa amebeba kifaa cha kuzima moto akagongwa na gari la Tom Pryce, wakafa wote wawili, ile mtungi ndiyo ilimpiga Pryce kichwani. Mimi kila nikifundisha mashali wapya hiyo ndiyo hadithi ya kwanza, kabla ya bendera, kabla ya chai: hukatizi traki. Halafu siasa, 1985 timu za Ufaransa, Renault na Ligier, zilisusia kwa sababu ya ubaguzi wa rangi na baada ya mwaka huo Formula One ikaondoka. Na hapo sasa ndio kidonda chenyewe, Formula One ilipoondoka ardhi ikaanza kuongea. Mji ulikuwa umefika. Kipande cha traki ya zamani kikaenda kwa majengo, ile stretchi ndefu iliyokuwa sifa yake haikurudi tena ilivyokuwa, traki ikachorwa upya kwa umbo lingine, Formula One ikaja tena 1992 na 1993 ikaondoka moja kwa moja. Miaka ikapita, na 2014 Kyalami nzima ikapigwa mnada kama shamba la mdaiwa! Ungekuwa Nairobi unajua mnada huo ungeishia wapi, ungeishia maghorofa na lango lenye jina la Kiingereza. Bahati yao aliyenunua alikuwa Toby Venter, mtu wa Porsche kule Afrika Kusini, kwa randi milioni 205, akaweka lami mpya, akairefusha ikawa kilomita 4.5 hivi, na 2019 mbio za Saa 9, zile za kukimbia saa tisa mfululizo, zikarudi.

Lakini kijana, Venter hawezi kula kwa mbio za Saa 9. Hiyo ni wikendi moja. Kyalami inakula Jumanne. Jumanne kuna kampuni ya magari inazindua modeli mpya, Jumatano kuna watu wanafundishwa kuendesha kwenye maji, Alhamisi kuna mkutano kwenye ukumbi wa juu ambao hauna habari na magari kabisa, Ijumaa kuna matajiri wamelipa wazungushe magari yao bila kusimamishwa na polisi. Traki zote zinazoishi duniani zinaishi hivyo, na zinazokufa zinakufa kwa Jumanne.

Mimi mwenyewe nimeiona kwa macho. Sitataja watu wala mahali. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa kikundi, tukakodi shamba nje ya mji, tukachanga, tukaleta greda siku mbili, tukamwaga marram, tukapata kitu cha kilomita moja na kidogo, kona saba, si mbaya. Tulikuwa tunakutana Jumapili moja kwa mwezi. Watu wanakuja na Starlet na Subaru, mama mmoja wa hapo jirani anatuuzia chapati na maharagwe, ambulensi tumelipa, raha. Mwenye shamba tukimlipa kodi ya Jumapili moja kwa mwezi, sasa wewe fanya hesabu, siku zingine ishirini na tisa shamba linamletea nini? Jumapili moja tukafika asubuhi na saa zetu na koni zetu tukapata bikoni. Bikoni za wapima ardhi, zimepakwa chokaa, zimepangwa hamsini kwa mia, hamsini kwa mia, kuanzia barabarani hadi mtoni, na moja imesimama katikati ya kona ya pili, pale pale gari linapopita. Tukapiga simu. Mzee akasema kwa upole kabisa vijana wangu mimi nina watoto sita. Ungemjibu nini? Tukakimbia siku hiyo ya mwisho, na dereva mmoja mchokozi akawa anaitumia ile bikoni kama alama ya kukatia kona, anaipitia kwa unene wa kidole, raundi kumi hakuigusa hata mara moja. Leo pale kuna nyumba, na mtu fulani amepanda sukuma wiki kwenye kona ya pili.

Kwa hivyo ukiniuliza traki za Nairobi zilienda wapi mimi nakuonyesha bikoni.

Lakini pia usiniambie haiwezekani hapa, manake kuna mahali imewezekana na watu wanapita hapo kila siku kwenye msongamano wa Ngong Road bila kuelewa wanachokiona. Uwanja wa mbio za farasi. Uko pale tangu 1954, ardhi ya dhahabu, na farasi hawakimbii kila siku. Lakini katikati ya mzunguko kuna gofu, watu wanalipa kupiga mpira siku ya kazi, na wikendi zingine kuna hafla za watu wengine kabisa. Farasi wanabebwa na gofu. Sisi wa magari tungekuwa na akili hiyo mapema saa hii tungekuwa na traki na pengine gereji za kukodisha na shule ya udereva ndani yake.

Ya pili ni Jamhuri, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Ile ya motokrosi. Sio lami, ni udongo na vilima vya kuruka, klabu ya East African Motor Sports Club ndio wamekuwa wakiendesha mbio pale, pikipiki na otokrosi, yaani magari kwenye udongo. Siri yake ni watoto. Nenda siku ya mbio uone: mtoto wa miaka sita kwenye pikipiki ndogo ya cc 50, helmeti kubwa kuliko mwili, amevaa kinga ya kifua mpaka anatembea kama kobe, baba yake ameshika kiti nyuma kuliko mtoto anavyoshika usukani. Huyo mtoto lazima afanye mazoezi. Mazoezi si mara moja kwa mwaka, na wazazi wake wanalipa, wananunua mafuta, wanaleta ndugu zake. Safari Rally inahitaji traki wikendi moja. Mtoto wa cc 50 anaihitaji mwaka mzima. Ndio nasema huyo kobe mdogo amelinda ardhi kuliko mabingwa wote niliowataja hapo juu. Sasa uwanja mpya wa Talanta umejengwa upande huo huo wa Jamhuri, na uwanja mkubwa ukija huwa unakuja na njaa ya maegesho, kwa hivyo mimi natupia macho.

Kuna na ya gokati, vile vigari vidogo vya mbio, na mbio za kupigiwa saa kule Whistling Morans, upande wa Athi River, ile ni lami, ndogo, lakini inafanya kazi ya traki kweli kweli. Ukienda pale usidharau gokati. Raundi ishirini na mikono yako itakataa kushika boda kesho yake.

Formula One sitakudanganya. Traki ya daraja la kwanza la FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, inataka isipungue kilomita 3.5, upana si chini ya mita 12, na hapo hujaweka uzio, hospitali, na nafasi ya gari kupoteza mwelekeo bila kumuua mtu. Rwanda wameomba, Kagame alitangaza mwenyewe Desemba 2024 wakati FIA walikuwa Kigali, na Kyalami nao wanaipanda hiyo ngazi. Waachie. Sisi hatuhitaji hiyo, tunahitaji kilomita mbili za lami mahali ambapo wale vijana wa Subaru wanaovurumisha Southern Bypass saa nane usiku wanaweza kwenda mchana na leseni na ambulensi imesimama. Na ukiniuliza wapi, nitakwambia palepale unapopita na mteja. Kasarani ardhi ni ya umma, haiwezi kupimwa hamsini kwa mia kirahisi kama ya yule mzee, ina choo, ina maegesho, ina barabara ya Thika mlangoni. Kinachokosa ni Jumanne tu. Fungua darasa la boda pale, kijana, mafunzo ya kupiga breki kwenye marram na kona, boda wa Nairobi ni wangapi? Kila mmoja alipe kidogo. Nyasi hiyo haitaota tena.

Nimesema boda nikakumbuka ni wewe unauliza. Basi njoo Jamhuri siku ya motokrosi, mashali hawatoshi kila mara na wewe pikipiki unaijua. Uje na kofia, maji, na viatu vilivyofunika vidole. Utapewa bendera ya njano na kona yako. Simama ndani ya kona, si nje, manake nje ndiko mawe yanarushwa, na mtoto akianguka ng'ambo ile mwache wa ng'ambo ile amwokote.